Mkoromaji Mwenye Adabu

Kwa kulala kimya, Wakiuru hakuwa na mpinzani katika mtaa mzima wa Ziwani. "Mimi hulala kama maji ya mtungini," alikuwa akiwaambia wanawake pale mferejini, kwenye bomba la maji, mkono kiunoni. "Tangu nizaliwe sijawahi kujisikia nikikoroma hata mara moja." Kisha, kabla mtu hajamjibu, aliongeza mwenyewe kwa sauti ya chini, "Ingawa marehemu mume wangu alikufa akiwa kiziwi wa sikio moja, na ni lile la upande wangu."

Wanawake wakicheka, naye akicheka kuwashinda wote. Alijua kwamba ukijitania mwenyewe watu huona huna la kuficha, na hapo ndipo unapoweza kuficha vizuri. Ila kwa hili hakuwa na la kuficha. Aliamini kabisa kwamba hakoromi.

Vyumba vya laini yao vilipangana kama mabehewa chini ya paa moja. Kuta hazikufika juu. Zilikoma mahali ambapo mtu mrefu angeweza kuning'iniza kofia, na kuanzia hapo kwenda juu hewa ilikuwa mali ya wote. Ukikaanga kitunguu, jirani wa mwisho alijua unapika nini. Ukigombana na mumeo kwa kunong'ona, kesho yake uliulizwa mferejini mlipatana vipi. Sauti ilikuwa ikipanda, ikizunguka chini ya mabati, kisha ikishuka popote ilipotaka, hata mtu asijue imetoka chumba gani.

Ndivyo ulivyokuwa mkoromo. Ulianza mwaka ule watoto walipoanza kupewa maziwa shuleni, na ukaanza alasiri, saa ambayo akina mama walikuwa mferejini wakiosha vyombo vya mchana. Ulikuwa mkoromo wa kutisha. Ulianza kama mtu anayeburuta meza sakafuni, ukapanda, ukakwama kidogo watu wakadhani umekata roho, kisha ukalipuka upya na kumalizikia kwa kamluzi kembamba.

Waliokuwa wamelala saa hiyo ni wawili tu. Mmoja alikuwa Wakiuru, aliyedamka kila siku kwenda kuchukua nyanya na sukuma wiki, akauza asubuhi, na baada ya chakula akajinyoosha. Wa pili alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Mutisya, dereva wa lori la mkate, mtu wa Machakos mwenye kifua kama kabati. Yeye aliondoka kabla ya alfajiri kusambaza mikate, akarudi mchana na kulala. Tena alikuwa amehamia pale mwezi ule ule mkoromo ulipoanza. Basi kesi yake iliamuliwa hata kabla hajafungua godoro. Kati ya mjane mwembamba muuza nyanya na mwanamume mwenye kifua kama kabati, nani angeuliza mara mbili?

Shahidi mkuu alikuwa Wakiuru mwenyewe. "Huyu kijana huniamsha," alisema. "Nasikia mngurumo, nashtuka, nafungua macho. Lakini ana adabu, siwezi kumsingizia. Nikiamka tu, ananyamaza."

Mutisya hakubisha. "Mtu akilala hajijui, mama," alisema. "Mkisema ni mimi, basi ni mimi."

Akina mama walimketisha kikao. Nzembi, mke wa mchonga vinyago wa chumba cha kona, mwanamke mwenye ulimi wa patasi, alishauri alale kifudifudi. Wakiuru akashauri kibanio cha nguo puani, tena akakitoa kwenye kamba yake mwenyewe. Tangu siku hiyo Mutisya alitembea na alama mbili nyekundu puani kama mtu aliyeumwa na kaa, na vijana wa kona walipomwona walimwamkua, "Niaje, dere? Zima injini bwana, tunasoma."

Yote hayo Mutisya aliyabeba. Lililomshinda kubeba lilikuwa la Mukai.

Mukai alikuwa fundi wa cherehani kule Kariobangi, msichana wa kwao, na Mutisya alikuwa amekwisha peleka wazee. Alasiri moja Mukai alimletea chapati zilizofungwa kwa kitambaa. Akakuta amelala, akaketi nje kwenye mtungi uliopinduliwa kumsubiri. Mkoromo ukaanza. Alisikiliza kwa muda, akawatazama akina mama, akina mama wakamtazama kwa huruma, kisha akasimama na kurudi Kariobangi na chapati zake zote. Ujumbe ulifika kesho yake: "Mchana kutwa nasikiliza cherehani. Usiku nataka kimya. Tibiwa kwanza, ndipo tuzungumze."

Wakiuru ndiye aliyemfariji. Alimpikia uji, akamwambia wanawake ni wengi, hata yeye anajua wawili watatu wasiosikia vizuri.

Basi mambo yakabaki hivyo hadi Wakiuru alipokwenda kulala Buruburu kwa mwanawe Ndung'u, karani wa serikali. Nyumba ya Ndung'u ilikuwa na kuta zinazofika juu kabisa, jambo ambalo Wakiuru aliliona kuwa anasa. Lakini asubuhi alimkuta mkaza mwanawe, Waithera, ana macho mekundu kama nyanya zake, na wajukuu wamelala jikoni. Ndung'u alikoroga chai iliyokwisha poa. Mtoto wa Kikuyu aliyelelewa vizuri hamwambii mamake kwamba anakoroma, humtafutia daktari.

"Mama," alisema mwishoni akitazama kikombe, "naona unapumua kwa shida."

"Pua zimeziba tangu mvua ya mwaka juzi. Hata harufu ya vitunguu siisikii. Na kichwa hapa mbele kinanigonga."

"Basi twende zikatazamwe."

Daktari wa masikio, pua na koo aliitwa Magan, mzee mpole aliyevaa kioo cha mviringo kwenye paji la uso kama taa ya gari moshi. Alimulika pua moja, akamulika ya pili, akaguna.

"Mama, ukuta wa katikati ya pua umepinda. Uliwahi kuumia?"

"Mbuzi alinipiga pembe nikiwa msichana. Lakini tulimla, kwa hiyo tumelipana."

"Na huku kuna vinyama vimeota. Vinafanana na zabibu zilizomenywa. Si vya hatari, ila vimeziba njia, ndiyo maana husikii harufu na kichwa kinauma. Tutavitoa, na ukuta tutaunyoosha, hewa ipite."

"Utanitoa na mafindofindo pia? Ziwani wengi wametolewa. Naona ni kama chanjo."

"Hayo hutolewa yakimsumbua mwenyewe," daktari akasema. "Koo likivimba na homa tena na tena, mtoto akose shule, au yawe makubwa hata asipumue vizuri akilala. Yako hayana neno. Kaa nayo." Akashusha kile kioo. "Sasa niambie, mama. Unakoroma?"

"Mimi? Hapana. Anayekoroma ni jirani."

"Unamsikia?"

"Huniamsha kabisa. Lakini ana adabu. Nikiamka tu, ananyamaza."

Daktari Magan alimtazama juu ya miwani kwa kitambo, kama mtu anayeonja chumvi. "Vizuri," akasema. "Basi tukikupasua wewe, jirani yako atapona."

Wakiuru alitoka pale akimsikitikia. Daktari mzuri, aliwaza, ila kazi nyingi imemchosha akili.

Aliwaaga majirani, akalazwa siku moja kabla ya upasuaji. Kwenye kitanda cha pembeni yake alikuwa Koki, mwalimu kijana wa Kitui, aliyefungwa bendeji kubwa kichwani kama kilemba cha bibi harusi. Ng'ambo yao alikuwa msichana wa shule aliyetolewa mafindofindo jana yake, na sasa alikuwa akila aiskrimu kwa uso wa mtu aliyegundua kwamba duniani kuna haki.

"Wewe ni sikio?" Wakiuru akamuuliza Koki, maana katika wodi ile watu walijuana kwa viungo.

"Sikio, mama. Lilitoa usaha tangu utotoni. Walisema usaha umeanza kula mfupa hapa nyuma, na ukiachwa unaweza kufika kwenye ubongo. Wakafungua, wakakwangua mfupa, wakatia kiraka kwenye ngoma ya sikio. Ngozi ya kiraka wameitoa hapa hapa kichwani mwangu. Kama fundi anayekata pindo la gauni kuziba tundu la gauni lile lile."

"Kumbe mtu ana akiba ya vitambaa mwilini." Wakiuru akapendezwa sana na jambo hilo. Wakala chakula cha mchana, akajinyoosha kidogo.

Alishtushwa na mngurumo, kama kawaida. Akafungua macho. Kimya. Akaguna. "Hata huku amenifuata."

"Nani, mama?" Koki akauliza.

"Kuna mtu anakoroma humu."

Koki aliketi kitandani polepole, akishika kilemba chake kwa mikono miwili. "Mama," alisema, "sikio langu hili limepasuliwa, limejazwa pamba, likafungwa bendeji ya kufunga ng'ombe. Na hilo ndilo lililokuwa upande wako. Nimekusikia nalo."

"Mimi?"

"Ulianza kama mtu anayeburuta meza."

Wakiuru alimgeukia yule msichana kutafuta haki. Koo la msichana halikuruhusu maneno. Alikinyoosha kijiko cha aiskrimu kwa Wakiuru, akaitikia kwa kichwa: ndiyo.

Wakiuru akavuta shuka mpaka kidevuni. Wauguzi wakadhani ana homa. Nyani haoni kundule, huo ni msemo wa zamani. Lakini nyani wa zamani angalau hakumfanya nyani mwenzake abanwe pua kwa kibanio. Alikumbuka kikao. Alikumbuka alama mbili nyekundu. Alikumbuka Mukai akienda zake na chapati, na yeye Wakiuru akimpikia kijana uji wa pole kwa msiba alioutengeneza mwenyewe, usingizini.

Kesho yake wakampa nusukaputi. Alipoamka, pua zote mbili zilikuwa zimesokomezwa vitambaa kama mtu anayeziba mashimo ya panya, akawa anapumua kwa mdomo. Jioni hiyo nani alikuwa mgeni wake wa kwanza? Mutisya, na mkate wa moto chini ya koti, na soda, na uso wa huruma.

"Pole, mama. Unaumwa?"

"Kidogo," Wakiuru akasema. Kwa pua zile sauti ilitoka kama ya ng'ombe akiuliza swali.

"Nimekuletea habari njema. Tangu uondoke, mama, wanasema sijakoroma. Hata Nzembi amekubali. Nimefikiri sana sababu, nikaona ni wewe. Nalala nikikuwaza wewe hapa hospitalini, na mtu mwenye wasiwasi hakoromi." Akakuna shingo. "Nilimwambia Mukai. Amesema mwisho wa mwezi atakuja mwenyewe kusikiliza. Akikuta kimya, anakubali. Akikuta kelele, wazee wake watarudisha mbuzi wa mahari."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema ukweli. Wakiuru alilijua, na Koki alilijua, kwa maana aligeuza uso ukutani kwa heshima na kuliacha sikio zima upande wao. Wakiuru akafungua mdomo.

"Nikirudi," alisema, "nitakupa dawa."

Mutisya alishukuru mpaka mlangoni. Alipokwisha toka, Koki akasema bila kugeuka, "Mama, nina sikio moja tu, lakini hilo moja limesikia."

"Pumzika, mwalimu. Umepasuliwa juzi."

Vitambaa vilitolewa, na hewa ikaingia. Wakiuru alisikia harufu ya sabuni, ya mkate, ya viatu vya mtu aliyepita ukumbini. Daktari akamwonya asipenge kamasi wala asijilazimishe kwa pua mpaka kidonda kipone, na kwamba vinyama vile vina tabia ya kurudi, kwa hiyo afike kutazamwa. Ndung'u akamrudisha Ziwani kwa gari.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Angelala kimya, Mutisya angeonekana amepona, Mukai angekuja, arusi ingefungwa, na Wakiuru angekula pilau akiwa mtu mzima mwenye heshima zake. Ukweli haukuwa na haja ya kusumbuliwa.

Lakini hakumhesabu Nzembi.

"Mama Ndung'u," Nzembi alisema pale mferejini, akisugua sufuria polepole. "Mimi sikusoma sana. Lakini Mutisya amekuwa hapa wakati wote, hakwenda popote. Wewe ulikuwa na pua mbovu, ukaenda. Siku ile ile laini ikanyamaza. Sasa umerudi na pua nzima, bado laini imenyamaza." Akamwaga maji. "Mimi nasema tu."

"Sema tu, mwanangu. Kusema hakuoshi sufuria."

Wakatazamana. Akina mama wengine walianza kutazama pia, na Wakiuru akaona hesabu ile ikiwaingia mmoja mmoja kama baridi. Jioni nzima aliwaza. Mkoromo ulikuwa lazima urudi. Urudi kidogo tu, akiwa mzima wa pua, watu waseme: kumbe ni Mutisya kweli. Kisha dawa ya Wakiuru imponye taratibu, ukome kabisa kabla ya mwisho wa mwezi. Mukai akute kimya, Mutisya apate mke, Nzembi apate aibu, naye apate sifa za mganga. Aliupenda mpango huo. Ulikuwa na nafasi ya kila mtu, hata ya ukweli, ila ukweli uliwekwa viti vya nyuma.

Alimpa Mutisya majani ya mkaratusi na maagizo mazito: ayachemshe, ajifunike blanketi gubigubi, ajifukize kabla ya kulala mchana. Mutisya alijifukiza kwa bidii mpaka laini yote ikanukia mkaratusi. Kisha alasiri Wakiuru alichungulia mlangoni. Buti za Mutisya zilikuwa kizingitini, alikoziacha kila mara alipolala. Akarudi ndani, akajilaza chali, akakoroma.

Si kazi rahisi kama watu wanavyodhani. Ilibidi akoromee kooni, kwa sababu ya onyo la daktari, na kuukumbuka mkoromo wake mwenyewe kutoka kwa maelezo ya watu. Siku ya kwanza alikoroma kama trekta. Nje akasikia Nzembi akisema, "Ala." Siku ya pili akaupunguza, ukawa kama lori la mkate likipanda mlima. "Mnasikia?" aliwauliza mferejini jioni. "Dawa inashika. Mniachie kijana wangu."

Siku ya tatu alikusudia mkoromo ushuke, uwe kama wa baiskeli. Alichungulia: buti zipo. Akajilaza. Aliburuta meza, lakini meza ndogo. Akapanda, akakwama kidogo kwa ufundi, akalipuka kwa upole. Na kwa kuwa nje palikuwa kimya kuliko kawaida, kimya cha watu wanaosikiliza vizuri, akaona vibaya kuwanyima. Akaongeza kamluzi mwishoni, mara mbili. Kisha akanyamaza, akajifunga leso, akatoka akijinyoosha na kupangusa macho.

"Leo amekoroma kidogo tu," alianza kusema kabla hajafika mferejini, akiufumba mdomo uliopiga mwayo. "Mmemsikia? Kama mtoto. Kesho hamtasikia kitu, na mwisho wa mwezi yule msichana akija—"

Nzembi alikuwa ameketi juu ya ndoo yake, mikono mapajani, ametulia kama mtu aliye kanisani. Pale mferejini kulikuwa na blanketi kubwa limelowa, linanuka mkaratusi, na watu wawili walikuwa wakilikamua, kila mmoja amelisokota upande wake. Mwisho wa huku alikuwa Mukai, fundi wa Kariobangi, ambaye hakuweza kungoja mwisho wa mwezi. Kando yake kulikuwa na chapati zilizofungwa kwa kitambaa.

Wakiuru alizitazama buti kizingitini. Akaitazama ile miguu mikubwa upande wa pili wa blanketi, imevaa ndara, imejaa povu la sabuni.

"Nani amekoroma, mama?" Mukai akauliza kwa heshima, midomo ikimcheza.

"Si huyu... huyu jirani," Wakiuru akasema, na kwa mara ya kwanza tangu atolewe vinyama, pua zote mbili zikamziba.

Mutisya alilikamua blanketi mara moja zaidi, taratibu, mpaka tone la mwisho.

"Hata mimi nimemsikia, mama," alisema. "Na ana adabu kweli. Ulipoamka tu, akanyamaza."